Jumapili Mtandao Ulipokatika

Ambositra, 22 Juni 2014

Kwa kaka yangu mpendwa Njaka,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta nchi kavu, ukiwa mzima, na kwamba kile kiuno ulichokiumiza jikoni melini kimepona. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, bomba la uani linagoma kutoa maji mpaka jua lichomoze vizuri. Shemeji yako Hanta anakusalimu sana. Ujauzito wake unaendelea salama, mkunga anasema mwezi wa tisa. Anasema usihangaike na zawadi, uje tu umpikie, aone kama kweli huko melini watu wanakula unavyojisifu.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata, na nimechelewa kuijibu kwa makusudi. Umeandika kwamba utakuja kwenye famadihana ya Mama mwezi wa nane, na kwamba siku hiyo tutakapomtoa kaburini na kumvisha sanda mpya, utasimama mbele ya ukoo unishukuru kwa jinsi nilivyomtunza. Umesema utawaambia ndugu maneno ya mwisho uliyosikia kinywani mwake. Halafu mwishoni ukaongeza kwamba fundi Edmond asialikwe, kwa sababu kazi yake mbovu ndiyo iliyokunyima kuagana na mama yako. Kaka, nisipoandika sasa, siku hiyo nitakaa mbele yako nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na watu watanisifu kwa hilo pia.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo. Ule mkahawa wangu wa intaneti, mwaka wa kwanza, ulikuwa kichekesho cha mtaa. Nilikuwa na laini moja tu, ya waya wa simu, na kiungio chake kilikuwa juu ya nguzo mkabala na duka la mikate. Mvua ikinyesha, kinaingia maji na mtandao unakufa. Mteja akiuliza kama leo kuna mtandao, namjibu labda. Basi watu wakasahau jina nililoandika mlangoni, wakapaita Labda. "Umemwandikia mwanao?" "Nimetoka Labda, hata herufi haikwenda." Mama Perline, anayeuza vitumbua vya mchele pale kizingitini, alikuwa akiwaita wapita njia kwa sauti: "Karibuni ndani, jamani! Mtandao hakuna, lakini viti vipo!"

Edmond alikuja siku moja kumwandikia binti yake aliyeko Mahajanga. Akashindwa, kama wengine. Tofauti yake ni kwamba hakulalamika, alitoa bisibisi mfukoni. Mzee yule amepanda nguzo za simu maisha yake yote, na alikuwa amestaafu hana la kufanya. Alibadilisha kiungio, akakifunga kwa mpira na lami. Akaniambia laini moja si laini, nitafute ya pili isiyopita njia ileile. Tukaweka antena juu ya paa, ikitazama mnara ulioko kilimani. Mwanzoni haikushika kitu, kumbe mikaratusi ya jirani ilisimama katikati. Tulihamisha mlingoti mara tatu, mpaka tukaupeleka pembeni mwa jiko, na hapo ukakubali. Akaniwekea, ndani ya kabati la kufungwa kwa ufunguo, ruta inayohama yenyewe kutoka laini moja hadi nyingine, hata anayeandika asijue kama moja imekufa. Umeme ukikatika, kulikuwa na betri mbili za lori chini ya meza. Aligawa hata kasi, ili mtu mmoja anayepakua sinema asiwanyonge wenzake.

Kwa miezi saba hatukukatika hata mara moja. Kina mama wenye mabinti Beirut walianza kuja Jumapili wakitoka kanisani, wamevaa vizuri, kwa sababu wataonekana kwenye kioo. Jina la Labda likafa. Nilijivuna, Kaka, kana kwamba mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa yangu.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba meli yenu itakuwa Marseille Jumapili ile ya Februari 2010, na kwamba itang'oa nanga alasiri, nilikujibu bila wasiwasi kwamba nitamleta Mama muonane uso kwa uso. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na simu ya mkononi hakuisikia tena vizuri. Miaka kumi na moja hakuwa ameuona uso wako. Tulimfunika kwa nailoni asilowe, tukamleta kwa riksho.

Yaliyofuata unayajua jinsi ulivyoyaona kutoka upande wako. Mliongea dakika mbili, halafu kioo chako kikawa cheusi. Yaliyotokea upande huu nilikueleza kwa barua: kwamba mvua ilikuwa kubwa, kwamba mtandao ulikatika laini zote mbili, kwamba Edmond alikuwa akipita, akaingia kusaidia na hakuweza. Hayo yalitokea kweli. Alipanda juu ya paa kwenye mvua, mtu wa miaka sitini na mitatu, na mimi nikamshikia ngazi. Mama alisubiri kitini saa nzima, macho hayatoki kwenye kioo. Akina mama waliokuwa wakisubiri zamu walianza kukasirika. Edmond aliposhuka, maji yanamchuruzika hadi viatuni, akasema hakuona kasoro yoyote, Mama Perline akapaza sauti: "Babu, ulikuwa unaoga huko juu?" Wakacheka wote. Saa yako ikapita, meli ikaondoka. Siku ya tisa Mama alifariki, nawe uko katikati ya maji, na habari ilikufikia tumeshamzika.

Tangu hapo mji mzima ulisema Edmond amezeeka, mikono yake haiaminiki. Aliyekuwa akimwita kutengeneza redio hakumwita tena. Nilisikia yote hayo nikiwa nyuma ya meza yangu, nikanyamaza.

Kaka Njaka, mtandao haukukatika. Niliukata mimi.

Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha Mama, nimemkata kucha, nimembeba mgongoni hadi kwenye riksho. Mwaka mzima hakuwa amecheka. Alipokuona alicheka mpaka yale meno yake matatu yakaonekana, akatengeneza lamba, lile shuka lake la kujitanda, mabegani kama msichana, akasema: "Njaka, sogea nikuone vizuri. Nyumba ile haina mtu tangu uondoke." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshikilia asianguke. Haina mtu. Mkono wangu mmoja ulibaki mgongoni kwake. Mwingine ukafungua kabati la ruta lililokuwa pembeni yangu, ukachomoa waya zote mbili.

Nilidhani ni kwa dakika moja tu. Sijui nilitaka nini katika dakika hiyo, labda ageuke anitazame. Hakugeuka, aliendelea kutazama kioo. Kisha Edmond akaingia, akauliza kama nimekagua kabati. Nikasema nimekagua, tatizo liko juu. Basi. Baada ya hapo kila dakika iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Hayo si yote. Siku ya saba nilikuwa nikimlisha uji wa wali. Aliniuliza kama meli yako imefika popote. Nikasema bado. Akasema: "Ikifika, mwambie hakunisikia hadi mwisho. Nilikuwa namwambia nyumba haina mtu tangu aondoke, isipokuwa wewe peke yako, na unachoka na husemi. Nilitaka arudi akusaidie wewe. Mimi ndiyo hivyo, nimeshaondoka." Akapumzika, akaongeza kwamba usiogope, hana kinyongo na wewe. Nilimwahidi nitakwambia. Nilimfuta mdomo, nikatoka nje, nikakaa kwenye kuni mpaka Hanta akaja kuniuliza kama Mama amefariki.

Miaka minne na miezi minne nimekaa na maneno hayo. Wewe uliandika kwamba nusu uliyoisikia ndiyo unayoishi nayo, na kwamba ukiwa melini unaikumbuka na kulia. Nilisoma hayo na bado sikukutumia nusu nyingine.

Barua yako ilipotaja Edmond, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akinoa shoka. Nilianza kuzunguka, mara mvua, mara zamani zile. Akanikatisha: "Tahiry, mwanangu, unataka kuniambia ulichomoa waya?" Alisema alijua alipokuwa bado juu ya paa, maana kila kitu kule kilikuwa kizima, na aliposhuka akaniangalia usoni. Nikamuuliza kwa nini hakusema, akaachia watu wamcheke. Akasema: "Nikuumbue mbele ya mama yako, naye amekaa pale? Ningepata faida gani?" Nikaomba msamaha. Alijaribu ukali wa shoka kwa kidole gumba, kisha akasema mimi naomba msamaha mahali rahisi. Yeye alikuwa anajua siku zote. Niende kwa wasiojua.

Kaka, wewe ndiye wa kwanza. Hanta nitamsomea barua hii kabla sijaifunga. Mama Perline na wenzake nitawaambia Jumapili ijayo, viti vikiwa vimejaa. Mbele ya ukoo nitasimama mimi kabla yako, ili usije ukanishukuru. Edmond amealikwa. Nilimpelekea mwaliko kwa mkono wangu, na akaupokea.

Sikuombi unijibu. Nakuomba tu usiache kuja. Hukuwepo tulipomzika, na sitaki ukose na hili kwa ajili yangu. Kama hutapenda kulala kwangu, shangazi Voangy ameshatandika kitanda. Ukifika kituoni nitakuwa ng'ambo ya barabara. Ukitaka nivuke, nitavuka.

Wasalimu wenzako wa jikoni, na utunze kiuno. Shangazi anakusalimu. Hanta pia anakusalimu, nami naandika hivyo kabla hajajua, kwa sababu najua hata akishajua, salamu zake kwako hazitabadilika.

Ni mimi mdogo wako,

Tahiry