Siku Jogoo Alipotusimulia Kazi Yake

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwangu. Vipi mgongo wako, na baridi ya huko? Sisi wazima. Mume wangu anakohoa na dawa hataki, ati fundi bomba hauawi na unyevu.

Nikueleze habari za binti yako kabla hujazisikia kwa mwingine.

Jumamosi niliwaita watu wachache kwangu, wamsimulie mtoto kazi zao, naye achague yake kwa akili timamu. Mimi nilimweleza ukunga, uchungu wake na furaha yake. Mume wangu akasimulia mabomba, mtoto akacheka hadi akapaliwa. Fundi cherehani anayenishonea sare naye alikuwapo, akaeleza alivyoanza kwa kushona vifungo vya majirani.

Kisha kaka yetu Jogoo akasimama. Sote tulisimulia tumekaa, yeye lazima ahutubie. Siku hizi anaendesha tingatinga la kubomolea nyumba. Kazi ni kazi, kwa hilo simdharau. Namdharau kwa alivyoisimulia. Ati raha yake ni kuona watu wakitoka mbio na masufuria kichwani. Akamwigiza mwanamke aliyeng'ang'ania mlango wake, akilia kwa kisauti chembamba.

"Na mlango wenyewe haufungi," akasema.

Watu wakacheka. Mume wangu pia, na mpaka leo nimemnunia.

Fundi cherehani akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unafunga," alisema. "Bawaba nilizipigilia mwenyewe."

Jogoo akamkagua juu mpaka chini. "Kumbe ni wewe? Umenenepa." Halafu, bila haya, akaomba chai nyingine.

Huyo ndiye uliyemkabidhi mwanao, aliyekuwa akilala kwake na kuahidiwa kazi ya ofisini kwao. Mtoto alichukua kikombe cha Jogoo, akakipeleka jikoni kikiwa kitupu. Akarudi mikono mitupu.

"Baba mkubwa, kazi ile mpe mtu mwingine. Nguo zangu nitazifuata kesho."

Jogoo akasema kiburi hicho karithi kwa baba yake. Nilitamani iwe kweli, lakini wewe tangu utotoni hujawahi kumbishia, hata alipokuwa akila nyama sahani moja nawe na kukuachia mchuzi.

Sasa binti analala kwangu, na asubuhi huenda kwa fundi, kwenye chumba alichopanga baada ya kubomolewa. Kola anazoshona zimepinda, lakini amerudi kuimba.

Jogoo anataka umwamuru arudi kuomba radhi. Usithubutu. Ukifanya hivyo, dharau niliyo nayo kwake nitaigawa, na fungu lako halitakuwa dogo.

Nisalimie mkeo na mapacha, na mama mkwe wako umwambie miwani yake nimeipata. Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, na ndani yake akutilie uti.

Wako akupendaye, hata ukinichosha,
Dada yako