Pweza wa Mavyaa

Shoga, niko Pongwe kwa mavyaa wangu, nimejifungia chooni. Usipige, soma tu.

Leo ilikuwa hitima ya marehemu baba mkwe. Tumekaa sinia moja mimi, yeye na mawifi watatu, wali na pweza wa nazi. Na huyu mama unamjua, kwenye sinia lake hanyanyuki mtu mpaka wa mwisho amalize.

Wa mwisho nikawa mimi.

Mikono imewakauka, wananiangalia ninavyotafuna. Daktari kasema taya walilonipasua limeshaunga, nile kila kitu ila taratibu. Ndiyo nakula taratibu.

Mavyaa akasema mbele ya wote, "Mwanaima, zamani ulikuwa unakula vizuri. Hiyo opresheni imekuharibu."

Zamani nilikuwa nakula vizuri. Ruthi, wewe si ulikuwa unaniona? Meno ya juu na ya chini hayakutani, nameza mapande mazima kama bata, halafu nashinda nimeshika tumbo.

Wiki sita nimekunywa uji kwa mrija, nije niambiwe zamani nilikuwa nakula vizuri.

Nikameza vipande vilivyobaki bila kutafuna, kama zamani, ndipo wakanawa. Nimechoka, shoga.

Na hili sijamwambia mtu. Miaka tisa namsifia pweza wake, leo ndiyo kwanza nimemtafuna.

Hana ladha yoyote.

Ngoja, mavyaa anagonga mlango. Anasema kanifichia bakuli la pweza jikoni, nikale polepole bila kuangaliwa na mtu.