Kicheko cha Bafuni

Jamani,

Maharage yameiva, tieni chumvi tu. Baba watoto, shati lako liko nyuma ya mlango, kifungo nimeshashona.

Sasa ya asubuhi. Nilikuwa sifui. Kila Jumamosi nafungulia bomba ili mdhani nafua, kumbe nimekalia ndoo nasikiliza mchezo wa redio. Leo maji yakakatika ghafla, kicheko changu kikabaki peke yake. Kitindamimba akagonga mlango: “Nani anacheka humo?” Nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyejificha.

Nisamehe, mwanangu. Aibu iliyonishika si ya redio. Ni kwamba hukuijua sauti ya mama yako akicheka.

~~Naenda sokoni mara moja.~~ Uongo. Naenda kusukwa, na leo sitamwambia msusi afanye haraka.

Nguo bado ziko kwenye beseni, kila mtu na zake. Redio nimeiweka sebuleni, msiiguse! Mchezo unarudiwa saa kumi na moja, nitakuwa nimerudi. Kitindamimba, utakaa karibu nami, uizoee hiyo sauti.

Mama yenu,
yuleyule wa bafuni