Kiti cha Trekta la Bluu

Jumamosi, 2 Novemba

Chai, presha, kuku, shamba. Presha nzuri. Kuku wametaga tena ndani ya karai la saruji, sijui wanaona nini humo. Vumbi la barabara ya Msalato limejaa mpaka kwenye sukari.

Mwaka huu trekta la kukodi sitaki. Mwaka jana nilikaa kwenye foleni mpaka mvua ya kwanza ikapita. Lilipokuja lilikuwa kubwa kama nyumba, likageuzia ndani ya mizabibu na kung'oa nguzo. Dereva akasema pole, mama. Pole hailimi.

Nanunua langu. Dogo. Kiinua mgongo chote cha uuguzi kinaishia hapo na cha pili hakipo. Nikikosea, nimekosea.

Shida ni mizabibu. Marehemu mume wangu aliipanda kwa mkono wake, na alikuwa mtu asiyependa kupoteza ardhi. Mistari imebanana. Trekta pana halipiti.

Atakayeendesha ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Neema. Jina lake silitaji, hata humu. Ndivyo tulivyolelewa. Yeye naye hanipi kitu mkononi. Hukiweka chini, mimi nikakiokota. Nikiwa sebuleni, yeye hukaa uani. Tukiwa na neno, Neema hutubebea. Wauguzi wenzangu kule Mwanza walikuwa wakinicheka nikiwasimulia mila zetu za ukwe. Wacheke. Miaka yote hii hatujawahi kugombana, na sijui wangapi kati yao wanaweza kusema hivyo.

Jumatano, 6 Novemba

Neema na mumewe wameshinda mjini na futi ya kamba. Wamepima mistari yangu kwanza, kisha matrekta. Wamebaki na mawili.

Jekundu, duka la karibu na stendi. Lina nguvu, linavuta tela likiwa limejaa, ila ni pana. Nikilichukua lazima ning'oe mstari mmoja wa mizabibu katika kila miwili.

La bluu, kwa Zarina, Majengo. Nguvu za wastani, jembamba, linapita kati ya mistari na nafasi inabaki huku na huku. Limebaki moja tu dukani. Mengine mpaka baada ya Krismasi.

Mkwe anasema la bluu bila shaka yoyote. Neema anasema alilizunguka huku akitabasamu peke yake, kama kijana aliyeona mchumba. Nimefurahi sana. Kichwa kimoja kikiamua peke yake huogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda kuliona kwa macho yangu. Neema, mumewe na mimi.

Zarina tunafahamiana siku nyingi. Babu yake alikuwa akiuza majembe ya mkono pale pale, yeye anauza matrekta. Ana sauti ya kuamrisha na moyo mwema. Kabla sijamaliza salamu kashanishika mkono: "Panda, mama. Kitu cha kununua unakikalia kwanza."

Nikapanda. Gauni la kanisani na yote. Nikakaa, nikashika usukani. Kiti kipana, laini, kinanesa kidogo. Nilijiona waziri wa kilimo. Neema akanipiga picha. Mkwe alikuwa anakagua tairi za nyuma. Aliponyanyua kichwa akaniona, akatoka nje mpaka barabarani, asirudi. Nikadhani amefuata maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali.

Nimemwambia Zarina nalitaka. Nitatoa neno la mwisho wiki ijayo.

Jumatatu, 11 Novemba

Sielewi. Neema kaja na ujumbe: mumewe sasa anataka jekundu.

Sababu? La bluu litaishiwa nguvu. Haya. Vipuri vyake vitasumbua. Lakini vipuri tuliviona rafu nzima kwa Zarina. Ya tatu, rangi. Bluu itaonyesha vumbi. Mtu mzima, baba wa watoto, ananiletea habari za rangi!

Nimemwuliza Neema, na mizabibu ya baba yako je? Akatazama chini.

Nina hasira. Leo nimeingia jikoni kwa jirani kumsaidia kazi za sherehe, na kuku wake nimempogoa kama mzabibu hata mwenyewe akashangaa. Hasira haijaisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Dada yangu Eliza, muuza karanga pale Majengo, kanipigia simu. Eliza hapigi kwa habari njema. Jana alipita stendi akamwona mkwe wangu kwenye duka la jekundu. Amekaa na muuzaji kivulini. Soda mezani. Wameshikana mikono, wanacheka.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana ya rangi. Ndiyo maana ya vipuri. Kuna kitu amepewa, au ameahidiwa. Nimeitunza mizabibu hii tangu mume wangu afe, nimeifunga kwenye waya kwa vidole vyenye baridi yabisi, halafu ing'olewe kwa ajili ya soda?

Presha imepanda. Nimepima mara mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mkwe hakuja shambani. Kila Jumamosi huja.

Mawingu upande wa mashariki, mazito, kisha yakatawanyika. Majirani wameanza kusafisha mashamba. Zarina kapiga simu: kuna mtu wa Kolo analitaka la bluu. Ananishikia mpaka Jumatano, zaidi ya hapo hawezi. Simlaumu, ni biashara.

Nimetembea kwenye mistari jioni kabla jua halijazama. Nimejaribu kuchagua mstari wa kung'oa. Sikuweza hata mmoja. Kuna nguzo moja mume wangu aliiweka kombo na hakukubali kuinyoosha mpaka anakufa. Nikaishika, nikalia. Basi.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimesema. Nimemwambia Neema: nachukua la bluu na natafuta dereva mwingine. Mumeo abaki na soda yake.

Alikuwa anaosha vyombo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Siwezi kusema. Amenikataza."

Amemkataza! Sikuhitaji kusikia zaidi. Akaondoka na macho mekundu, kaacha sufuria kwenye povu. Nimezisuuza mwenyewe. Naogopa. Si trekta tena. Naogopa nimemwozesha mwanangu mtu nisiyemjua, na kama ni hivyo nitamtazamaje. Nilimsifu mtu huyu kwa wenzangu. Nilijisifu.

Jumanne, 19 Novemba

Neema kaja asubuhi na bodaboda, hata chai sijanywa. Hakuingia ndani. Kasimama mlangoni na mkoba kifuani, akasema neno moja tu.

"Mama, ulikikalia."

Nikasema nilikalia nini?

"Kiti. Kiti cha trekta."

Nimekaa kwenye ngazi.

Kiti. Nimelelewa katika mila hizi. Najua mkwe hakalii kigoda cha mama mkwe wake, hakalii mkeka wake, kitanda ndiyo usiseme. Nyumbani kwangu kiti changu kina pembe yake na hajawahi hata kuegemea mgongo wake. Najua yote hayo kama ninavyojua kuchoma sindano. Lakini trekta! Kwangu ile ilikuwa mashine. Haikunipitia akilini kwamba mashine ina kiti, na kiti ni kiti.

Neema kamwaga yote. Mumewe alikuwa amelipenda la bluu mpaka alipogeuka akaniona juu yake. Atakaaje kila siku pale alipokaa mama mkwe? Na atanitumia ujumbe gani? Kumtajia mama mkwe habari za makalio yake ndiyo utovu wa adabu wenyewe. Kwa hiyo akaanza kutafuta sababu nyingine. Alipoishiwa akafika kwenye rangi. Alimkataza Neema asiniambie ili nisione aibu.

Na soda? Alikwenda kumwomba yule muuzaji aone kama magurudumu ya jekundu yanaweza kusogezwa ndani, yapite kati ya mizabibu bila kung'oa hata shina. Alitaka kuniokolea mistari. Muuzaji akamwambia haiwezekani, akampa soda ya pole.

Nikaanza kucheka. Neema naye. Tukacheka mpaka jirani akachungulia, kisha nikalia, machozi ya kweli, kanga yote imelowa. Mkwe wangu si mwizi. Nimeandika mara moja na naandika tena: mkwe wangu si mwizi. Presha nzuri kuliko mwezi mzima.

Sasa lipo tatizo la pili. Trekta linalopita halina wa kuliendesha, na linaloendesheka halipiti. Kesho ndiyo Jumatano.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekwenda kwa Zarina mapema, mimi na Neema. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Utamwambiaje mfanyabiashara kwamba bidhaa yake imeharibika kwa sababu umeikalia? Nikasema tu yote, kwa mkupuo, nikitazama mzani wake.

Zarina hakucheka. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mbona unalia? Kiti kina bolti nne." Akamwita fundi. Stoo kuna kiti cha akiba, kipya, bado kiko kwenye nailoni. Hakuna mtu aliyekikalia tangu kitoke kiwandani, labda Mungu.

Bolti nne. Wiki nzima ya presha.

Neema akampigia mumewe. Akasema ampe nafasi amuulize mjomba wake kijijini. Tukasubiri. Fundi ameshika spana mkononi, Zarina anauza misumari. Simu ikarudi. Mjomba kasema kiti kipya ni kipya, hakina neno. Lakini kile cha zamani kisitupwe, kisiuzwe, asipewe mtu mwingine. Ni cha mama.

Mkwe alipofika mimi nilitoka. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwenye karanga za Eliza, mgongo nimeupa duka, nisimwone akipanda wala yeye asinione nikitazama. Nilimweleza Eliza kisa chote. Kanijazia karanga kwenye mfuko bila kunitazama usoni. Ndiyo samahani yake hiyo, kwa ulimi hawezi.

Kisha nikasikia injini ikiwaka. Nzuri, nyembamba, haipigi kelele nyingi. Imenguruma, ikasimama, ikanguruma tena. Anajaribu gia. Nilijua kwa mlio tu kwamba amekaa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo mpaka jikoni.

Shamba la mtama limekwisha kulimwa, la alizeti pia. Majirani wawili wamekuja kuuliza zamu. Sisi sasa ndio tunaopangiwa foleni! Nimewaambia waongee na Neema.

Jumanne, 3 Desemba

Leo mkwe kaingia kwenye mizabibu. Nilijifungia ndani, nikashindwa, nikachungulia dirishani. Anakwenda taratibu, anageuza kichwa huku na huku. Alipofika kwenye ile nguzo ya kombo akasimamisha, akashuka, akaitazama. Nikashika pazia. Akarudisha nyuma kidogo, akapita kwa kujibana. Hakugusa hata jani.

Nimechinja kuku. Yule wa karai.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani, kisha nyumbani. Mawingu mepesi, upepo mzuri.

Nimekuta kitu mwisho wa mistari, pale penye kisiki cha mgunga. Kiti changu. Kimefungwa juu ya kisiki kwa bolti zake zile zile nne, kimepanguswa, kinang'aa. Neema anasema mumewe ameshinda asubuhi yote akikifunga wakati mimi nikiwa ibadani. Hakuna aliyemtuma.

Nikakaa. Kutoka pale naiona mizabibu yote, na trekta la bluu likipanda na kushuka katikati yake. Aliponiona akazima injini, akashuka, akavua kofia. Akasimama mbali, kama desturi.

"Mbukwenyi, mama."

Nikamwitikia salamu yake kwa Kigogo, kama mama alivyonifundisha. Akavaa kofia, akapanda, akaendelea na kazi.

Kiti kimeinama kidogo upande wa kushoto. Bila shaka hakukijaribu. Sitamwambia.