Jiwe Jeupe Namba 31

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Sumbawanga
Tarehe: 20 Septemba 2024. Muda wa kuanza: saa 2:40 asubuhi

Jina: Adriano Kasmir Wilibrodi
Umri: miaka 72
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mwalimu mstaafu wa jiografia, sasa mkulima wa mahindi na ulezi
Makazi: Pito, Manispaa ya Sumbawanga

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimeomba kuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na Koplo Rahel Limbu ameniruhusu. Ninaandika kuhusu ugonjwa wa Justina, mke wa mwanangu Meshack, ambaye amelazwa hospitali akiwa na mimba ya miezi saba. Ninaandika pia kuhusu Bi. Monika, muuza udongo wa wajawazito sokoni, ambaye yuko mahabusu tangu juzi kwa tuhuma za kumuuzia Justina udongo wenye sumu. Udongo wa Bi. Monika hauna kosa. Sumu ilitoka nyumbani kwangu.

Kwa miaka ishirini na sita nimekusanya mawe kutoka machimbo ya mkoa wetu na ya mikoa jirani. Kila jiwe hulipima uzito, hulipatia namba katika daftari, na huliandikia lebo yenye jina la madini, mahali lilipochimbwa na tarehe. Mwezi huu nilikuwa nikiyatayarisha ili niyakabidhi kwa shule moja ya sekondari huko Kaengesa, kwa sababu macho yangu yamechoka na nyumbani hakuna mwingine anayeyataka.

Mnamo tarehe 9 Septemba, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mchimbaji mdogo aitwaye Malimi Mayunga alifika kwangu kwa pikipiki. Alileta mawe mawili meupe katika mfuko wa sukari. Tumezoeana naye. Baada ya kuniamkia alitazama kabati langu, akasema, "Mwalimu, wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga mawe." Nilimjibu kwamba mawe yangu hayajawahi kuingia katika shamba la mtu. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Alieleza kuwa jiwe moja alilichimba bondeni, na la pili alilitoa katika shimo la zamani upande wa Mpanda. Majina yake hakuyajua. Aliondoka saa nne na nusu.

Niliyapima mawe hayo barazani. Jiwe jeupe linalomeguka kama chaki huweza kuwa kaolini, yaani udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Njia ya haraka ya kuitambua kaolini ni kuilamba, kwa kuwa hunata ulimini. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Jiwe la kwanza lilinata, nikalipatia namba 30. La pili halikunata. Nilitema mate na kusukutua. Jiwe hilo lilikuwa zito kupita kiasi cha ukubwa wake. Mzani ulionyesha gramu 260. Baada ya vipimo vingine nililitambua kuwa madini ya risasi, metali ile nzito iliyomo ndani ya betri za magari. Madini hayo ni sumu. Nililipatia namba 31.

Justina alikuwa akifagia uwanja. Aliniona nikilamba. Alisimama na ufagio wake, akasema, "Kumbe baba naye anakula udongo. Basi leo tumekuwa wawili." Akacheka.

Mimi ni mtu wa kusahihisha watu. Nimewahi kumsahihisha mwenyekiti wa mtaa mbele ya mkutano, na msomaji wa matangazo mlangoni mwa kanisa. Siku ile sikumsahihisha Justina. Nilikuwa nimechoka. Tena, tangu marehemu mke wangu atuache mwezi Februari, hakuna aliyekuwa amecheka katika uwanja ule. Niliendelea na kazi.

Siku hiyohiyo niliyaosha mawe kumi na mawili, nikayaanika kwenye ungo juu ya ukuta wa baraza. Bi. Monika naye huanika udongo wake kwenye ungo. Jambo hilo sikulifikiria. Lebo za mwanzo zilikuwa zimeandikwa kwa haraka, kwa hiyo nilizitoa zote ili niziandike upya kwa wino mweusi. Lebo ya namba 31 niliiandika jioni ile, nikaiweka ndani ya kitabu cha ramani ili inyooke. Mawe yalikaa barazani siku nane bila lebo.

Mnamo tarehe 17 Septemba, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Justina alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akatapika mara nyingi. Meshack alimpeleka hospitali kwa bajaji. Wauguzi walipomuuliza alichokula, alisema ugali, mboga, na udongo kidogo. Hakuulizwa udongo upi.

Tarehe 18 Septemba, saa tatu asubuhi, Meshack alikwenda sokoni na askari wawili. Nilikuwapo. Bi. Monika alikuwa akipanga vipande vyake katika mafungu. Alipoelezwa kosa lake alinitazama mimi, akasema, "Mwalimu, wewe unanijua. Udongo huu nauchimba mwenyewe, nauoka mwenyewe, na nimezaa nao watoto sita." Akamega kipande, akakila mbele ya askari. Meshack akamwambia, "Kula tu, mama. Utamalizia kituoni." Sikumtetea, kwa sababu wakati huo sikuwa nikijua.

Tarehe 19 Septemba, yaani jana, saa kumi jioni, nilikwenda kumwona Justina. Meshack alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa. Justina alinishika mkono, akasema, "Baba, usinikasirikie. Udongo wa Mama Monika uliniishia Jumanne ya wiki iliyopita. Nikawa namega lile lako la kwenye ungo, kidogokidogo. Lilikuwa zito, nikajua ndilo zuri. Na wewe mwenyewe nilikuona unalilamba."

Nilimwendea daktari papo hapo, nikamwandikia jina la madini kwenye karatasi. Nilimwomba aniachie nimwambie mwanangu mwenyewe. Daktari alisema kuwa mtoto bado anacheza tumboni. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Meshack aliporudi na maji, sikumwambia. Nilirudi Pito. Jiwe nililikuta jikoni, ndani ya kopo tupu la maziwa, limefunikwa kwa kitambaa safi. Nililipima. Lilikuwa na gramu 214. Zimepungua gramu 46. Mzani wangu ni mzima. Niliujaribu kwanza kwa mawe yake ya kupimia.

Ningeweza kuja hapa jana hiyohiyo. Kutoka Pito si mbali. Nilikaa barazani mpaka baridi ikanitoa, huku nikijua kuwa Bi. Monika yuko sakafuni mahabusu, naye ana miaka sitini na minne. Kwa hilo sina maelezo. Asubuhi hii saa kumi na mbili nilimwambia Meshack. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza, "Na juzi sokoni, baba, yule mama alivyokutazama?" Alichukua uji wa mkewe, akaenda hospitali bila kuniaga.

Nimeyaandika haya nikiwa na akili timamu. Hakuna aliyenilazimisha. Ninaomba Bi. Monika atolewe leo. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: A. K. Wilibrodi
Muda wa kumaliza: saa 4:05 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI
Mimi Koplo Rahel Limbu nimemsomea shahidi maelezo yake, naye amekubali kuwa ni sahihi. Amesahihisha nukta mbili. Nilimweleza kabla ya kusaini kwamba maelezo haya yanaweza kumtoa katika ushahidi na kumweka katika utuhumiwa. Alijibu, "Najua, mwanangu. Nipe kalamu."

Amekabidhi vielelezo vitatu: jiwe jeupe moja, daftari moja, na lebo moja iliyoandikwa: "Na. 31. Madini ya risasi. Sumu. Usionje." Aliomba aibandike lebo hiyo kwenye jiwe yeye mwenyewe kabla ya kulikabidhi. Nilimruhusu.

Bi. Monika ametolewa saa 5:10 asubuhi kwa idhini ya mkuu wa kituo. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la mapokezi. Alisimama, akavua kofia. Bi. Monika alimwambia, "Wateja wangu wamekimbia, mwalimu. Kesho saa tatu njoo sokoni, uule udongo wangu, watu wakuone." Shahidi alijibu kwamba atafika.

Koplo R. Limbu