Waziri Yuko Msalani

Daegu, Mwezi wa Tisa

Mdogo wangu mpendwa Sang-ryeol,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado anakula wali wake na bado analalamika kuwa ni mlaini mno. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu joto lilipokatika, na kwamba wifi yangu anakukataza kupanda mlimani peke yako kwenda kufyeka makaburi. Huku kwenye nyumba ya wazee nyenje wamenyamaza na wauguzi wametugawia mablanketi mazito. Mimi ni vile vile, ila hiyo vile vile yenyewe inazidi kupungua. Daktari ameniambia moyo umechoka, na aliniambia kwa upole mwingi hata nikamhurumia yeye. Naandika asubuhi, kidogo kidogo, na mkono ukikataa naweka kalamu chini. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya ukurasa, usidhani ni mtu mwingine. Ni mimi wa siku ya pili yake.

Nilikuona gazetini. Umevaa joho jeupe na kofia nyeusi ya singa za farasi, umesimama mbele ya wazee wa ukoo wetu wa Tak wa Unseong, na kinywa kiko wazi kama unaimba. Chini ya picha wameandika kwamba Jumatano ijayo mtanyolewa vichwa kama ishara ya kupinga, mbele ya kituo cha televisheni kule Seoul, na kwamba wewe, Mwenyekiti, utaapa kwa damu ya babu yetu Waziri iliyo katika mishipa yako kwamba hamtaondoka mpaka kipindi cha vichekesho juu yake kifutwe. Bi. Cho, ninayelala naye chumba kimoja, aliitazama picha kwa miwani yake na yangu, moja juu ya nyingine, akasema, “Mwalimu, huyu mdogo wako ni mzuri. Ana mke?” Nikamwambia ana mke, ana wajukuu, na ana hasira.

Hasira yako naijua. Uliponipigia simu ulisema, “Dada, wamemvua babu yetu suruali mbele ya taifa zima!” Nami nikakujibu kwamba hawakumvua, aliivua mwenyewe kwa kuwa alikuwa msalani. Ukanikatia simu. Nisamehe. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini nilikisema kwa kejeli, na wewe ulikuwa umeumia.

Baada ya hapo nilifanya kile nilichowahimiza wanafunzi wangu miaka yote: kabla hujahukumu, nenda ukaangalie. Kila Ijumaa baada ya chakula cha jioni nasukumwa kwenye kiti changu mpaka ukumbini, nakitazama. Nakiri kwamba nimewatazama watazamaji kuliko nilivyotazama kipindi chenyewe.

Wewe umesema hujakiona na hutakiona, kwa hiyo nikueleze. Kila Mfalme anapomwita Waziri Tak Mun-gyeom, Waziri yuko msalani. Nje ya mlango anasimama mtumwa wake Gaettong, huyo aliyepewa jina la mavi ya mbwa, akiwatungia wajumbe wa Mfalme visingizio. Mara Waziri anaomboleza, mara anatunga shairi, mara anawaza kodi ya nchi na hawezi kukatizwa. Ndani anasikika Waziri akinong'ona, “Gaettong, wameondoka?” Na Gaettong anajibu, “Bado, bwana, na mmoja wao ameanza kunusa.” Ndicho kipindi chote, kila juma, na sijui kwa nini hakichoshi.

Bi. Cho anacheka mpaka anayatoa meno ya bandia na kuyaweka mapajani, yasije yakaanguka. Mzee Maeng, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni, ameapa kwamba kipindi hiki ni aibu. Anaweka kiti chake upande, uso ukielekea dirishani, mikono ameikunja, na kutoka huko dirishani anajua kila kosa. Rangi ya joho siyo. Mtumwa hawezi kusimama wima namna ile mbele ya bwana wake. Ile Ijumaa Waziri alipokula kiazi, Mzee Maeng aliruka kitini. “Viazi! Viazi vilikuwa havijafika nchi hii! Mwalimu, sema!” Nikasema ni kweli, vilikuwa havijafika. Bi. Cho akamwambia, “We mzee, unatazama dirisha, viazi umeviona wapi?” Ukumbi mzima ukacheka, hata muuguzi aliyekuwa anagawa dawa akakosea vikombe. Habari za viazi zilitoka magazetini pia, na kituo kikaomba radhi. Gazeti moja liliandika kwamba historia haichezewi. Jingine likasema hatimaye wazee wetu wamekuwa watu. Vijana, naambiwa, wanadai Gaettong apewe kipindi chake mwenyewe.

Kilichonishughulisha zaidi ni jambo dogo. Gaettong akitoa kisingizio, Bi. Cho anacheka kabla hajamaliza, kana kwamba anajua kitakachofuata. Wengine wanacheka wakishaangalia kwanza kama jirani anacheka. Nilimuuliza Bi. Cho inakuwaje. Akanijibu bila kufikiri, “Bibi yangu alikuwa mtumishi wa watu. Huo uongo wa mlangoni tulilelewa nao.” Mzee Maeng akatangaza kutoka dirishani kwamba yeye ni kizazi cha kumi na nne cha mkuu wa mkoa. Mwingine akasema wa kwao alikuwa jenerali. Mwingine akamtaja hakimu. Nami, kwa mazoea tu, nikasema sisi ni wa Waziri huyo huyo aliye msalani. Bi. Cho akatutazama mmoja mmoja, akarudisha meno yake kinywani ili asikike vizuri, akauliza, “Kumbe humu ndani nimezungukwa na wajukuu wa mawaziri watupu! Sasa hivyo vyungu vya haja, alikuwa akivimwaga nani? Hao hawakuzaa?”

Walicheka. Mimi sikucheka. Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo, na nitakueleza kwa nini. Kwanza nikwambie habari za Da-on.

Alikuja Jumamosi iliyopita na boksi la peasi. Amekonda. Aliniambia ulivyosikia kwamba jina lake linapita mwisho wa kipindi kama mtunzi, wewe uliyekuwa ukiwaambia watu wote wa Unseong kwamba mjukuu wako anafanya kazi televisheni. Aliniambia pia ulivyomtumia ujumbe kwamba asikanyage kwenye tambiko la Waziri mwaka huu, wala mwaka mwingine. Alilia kidogo, kisha akajicheka kwa kulia. Alisema, “Bibi, mimi sikutaka kumdhalilisha. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa juu yake, na kote ni mtu asiye na tumbo, asiye na usingizi, asiyepiga chafya. Nilimpenda tu nilipomfikiria ana shida ya choo.” Nilimuuliza kama atakuomba radhi. Akasema kwa ajili ya viazi, ndiyo. Huyo ni mjukuu wako kweli, Sang-ryeol, hata shingo anaikaza kama wewe.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipaogopa.

Unalikumbuka bakuli la wali ambalo Bibi yetu alikuwa akiliweka chini, penye kizingiti cha jikoni, kila tambiko lilipokwisha? Wewe uliwahi kulipiga teke kwa bahati mbaya, naye aliyekuwa hakugusi hata ukivunja chungu alikuchapa siku ile. Tuliambiwa ni la wapita njia, la mizimu isiyo na mwenyewe, na kwa kuwa nyumba nyingine nazo huiwekea mizimu hiyo chakula, wewe hukuuliza zaidi. Mimi niliuliza. Nilikuwa msichana wa shule, tunakausha samaki wa tambiko, na nilikuwa nimeona kwamba nyumba nyingine humwaga chakula hicho nje ya lango, tena makombo. Sisi tuliweka wali wa moto, na kijiko, ndani ya nyumba.

Bibi aliweka samaki chini. Akasema, “Wewe utaandikwa kwenye kitabu cha ukoo kwa jina la mumeo, kwa hiyo kwako hakuna kitakachoharibika.” Ndipo akaniambia. Wali ule ni wa babu wa babu yetu. Aliitwa Bawi, yaani Jiwe, na hakuwa na jina la ukoo, kwa sababu alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo ya Tak. Bibi alimkuta hai alipoletwa hapo kama bibi harusi. Alimpikia. Mzee yule alikuwa akila penye kizingiti cha jikoni, na mpaka anakufa alikataa kuketi sebuleni, hata wakati wajukuu wake mwenyewe walikuwa wakilala humo.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya Waziri ilibaki na mzee mmoja mjane na mwanawe. Kipindupindu kilimchukua kijana, kikarudi kumchukua baba. Jamaa wa ukoo waliogopa, hakuna aliyekuja kuzika. Bawi aliwaosha, akawabeba mlimani mmoja baada ya mwingine, akawazika. Mwaka ulipogeuka, siku ya tambiko, akangoja jamaa waje. Hawakuja. Akapika wali mwenyewe, akauweka mbele ya makaburi, na kwa kuwa hakuweza kusoma maneno yanayosomwa, alisema tu, “Kula, bwana. Mimi sijui kusoma.” Akafanya hivyo kila mwaka, na mwanawe baada yake. Paa la nyumba kubwa lilipoanza kuvuja walihamia ndani ili walitengeneze, wakabaki.

Kisha ikaja amri ya serikali kwamba kila mtu aandikishwe na awe na jina la ukoo. Karani akafika langoni, akawauliza majirani, hawa ni nani? Majirani wakajibu, “Ni watu wa nyumba ya Tak.” Karani akaandika Tak. Unaona, Sang-ryeol? Hakuna aliyedanganya. Mtumwa ni mtu wa nyumba, na mtoto ni mtu wa nyumba. Miaka ilipopita, wazee wa ukoo walikuja kutengeneza kitabu upya, wakakuta makaburi yamefyekwa, tambiko halijakosekana hata mara moja, na watu waitwao Tak wakilifanya. Waliwaandika pale pale, chini ya yule kijana aliyekufa kwa kipindupindu. Sijui kama walijua. Naona baadhi yao walijua, na waliona aibu kuuliza.

Damu ya Waziri haimo katika mishipa yako, mdogo wangu. Wala yangu.

Bibi hakuniambia nifiche. Nilificha mwenyewe. Nilifundisha historia maisha yangu yote, nikasimama mbele ya wasichana nikawaambia watafute ukweli hata kama unawauma, na kila mara mtu aliponiuliza jina langu la ukoo nilijibu “Tak wa Unseong” na kusikia raha shingoni. Raha hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo. Wewe nawe ulipochaguliwa Mwenyekiti nilikupigia simu kukupongeza, na nilikuwa najua.

Sikuambii haya ili nikushushe. Nimejaribu siku hizi kukufikiria ukiyasoma, na siwezi kuona uso wako utakavyokuwa, na hilo linanisumbua kuliko moyo wangu. Labda utaichana barua. Labda utasema dada amezeeka, akili imeondoka. Andika basi kwa mkono wako kwamba bakuli lile halikuwapo. Hutaweza, maana kipigo chake unakikumbuka.

Ninachokuomba ni hiki tu. Kanyolewe ukitaka. Una haki ya kumkasirikia mtu anayemcheka Waziri, na pengine unayo kuliko wengine wote, kwa kuwa wa kwenu ndio waliowaosha wajukuu wake na kumlisha yeye walipomkimbia wa damu yake. Lakini usiape kwa damu mbele ya kamera. Na msimu huu wa tambiko, mruhusu Da-on aingie. Ukishamimina pombe ya Waziri, mpe mtoto kikombe kingine ammiminie Bawi, sebuleni, juu ya mkeka, pamoja na wengine.

Da-on sijamwambia. Aliketi kitandani kwangu akinimenyea peasi, akiniuliza kama najua lolote kuhusu watumwa wa nyumba ile, maana vitabuni hawamo na yeye Gaettong amemtunga kichwani. Nilikuwa nalo ulimini, nikala peasi. Nimekuachia wewe, kwa sababu ni lako, na kwa sababu itakubidi umwite nyumbani ili umwambie. Jihadhari tu: ataliandika.

Msalimie sana wifi, na watoto wote wanaonikumbuka na wasionikumbuka. Bi. Cho anakusalimu pia, na anasema ukinyolewa umletee picha. Barua hii nampa muuguzi aitume kwa posta ya haraka, ikuwahi kabla ya Jumatano. Ukinijibu, andika herufi kubwa. Nina hamu mno ya kujua utafanya nini.

Ni mimi dada yako,
Tak Gwi-nam