Mkeka Wako Umeanza Kushonwa, Mama Mdogo

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Najua umeisubiri barua hii tangu kabla ya mvua, na najua Zuhura anayekusomea amechoka kuulizwa kama kuna kilichofika. Nisamehe. Nilitaka nikuandikie siku mkeka wako umekwisha, nianze na habari njema. Kumbe barua na mkeka nilivifunga kamba moja, vyote vikalala uvunguni. Leo nimevitenganisha.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa pale uani kwetu hapa Kariakoo, kabla hujarudi Mafia? Mimi nimetoka shule, sina la kufanya. Wewe umenyoosha miguu, majani ya ukindu umeyaloweka kwenye beseni, ncha ya ukili, ule utepe wa kusuka, umeibana kwa kidole gumba cha mguu. Nje mikokoteni inapiga kelele, wauza vitambaa wanaita wateja, na wewe kama husikii. Mimi kila anayepita mlangoni namtazama. Ukaniuliza namsubiri nani. Nikasema simsubiri mtu.

"Basi rudi," ukasema. "Umeuleta mwili tu hapa, wewe mwenyewe hujafika."

Ukafumua nilichosuka, taratibu, bila kunigombeza, ukanirudishia majani yangu nianze tena. Siku hiyo hiyo ukaniambia desturi ya kwenu, kwamba mkeka wa kwanza wa mtu hauuzwi, wala mwenyewe haulalii. Unakwenda kwa aliyemfundisha. Ukacheka, ukasema wasichana wote uliowafundisha mikeka yao unayo, bado wangu. Nikakuahidi mwezi ujao.

Mamdogo, tangu siku ile nimeolewa, nimemzaa Salma, na mkeka haujafika. Si kwamba sikuwa nasuka. Nilikuwa naanza. Nikianza ukili mwekundu nakaa nao kidogo, halafu naona kwenye simu mtu kasuka wa zambarau, basi na mimi naanza wa zambarau. Mwekundu unaingia uvunguni. Kuna siku naangalia wenzangu wanavyosuka kwenye simu mpaka jua linazama, mkono wangu haujagusa jani hata moja, na najiambia kwamba najifunza.

Asubuhi namsaidia Mama Neema dukani kwake. Huyu ni Mchaga wa Rombo, anauza mikeka ya plastiki kwa jumla, na mdomo anao. Alipojua nasuka akaniuliza, "Wewe binti, kutwa nzima umezungukwa na mikeka, bado unatafuta mkeka?" Nikamwambia hii ya kwake haina mtu. Akasema yake ina watu wengi tu, wanapanga foleni. "Huo wako ndio tunausubiri. Tutauona lini, Salma akiolewa?" Wapagazi wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini liliniingia.

Ndipo ukapiga simu. Ukanieleza ulivyoambiwa hospitali kuhusu presha ya macho, kwamba dawa inaweza kuzuia lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Uliongea kama mtu anayesimulia bei ya samaki. Halafu ukasema utanunua ukili wa jirani yako, uliosukwa tayari, unitumie, mimi nishone tu. Nilikuwa karibu nikubali, mamdogo. Nilishafungua mdomo. Ukaongeza:

"Kuugusa nitaugusa hata miaka ijayo. Nataka niuone."

Nikakuaga haraka, simu nikaiweka chini.

Nikatoa kila kitu uvunguni, nikakitandaza chini, Salma akakaa juu yake kama malkia. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nakifanya. Kila ukili una upana wake. Huu vidole vitatu, huu vinne, ule mwembamba kama mkanda. Na wewe ulinifundisha kuwa ukingo hauwezi kukaa vizuri na ukingo kama upana haulingani. Ningelazimisha kuushona ungevutana, ukapinda juu kama ungo. Ukili umejaa nyumba nzima na mkeka hakuna.

Sasa sikiliza nilivyo. Bado nimekaa pale pale chini, huzuni haijaisha, nikashika ule mwembamba nikawaza ungetoa kikapu kizuri sana. Nikaanza kukiona na mishikio yake. Moyo ukachangamka, uchovu ukaisha. Nikajishika. Nikaufunga ukili wote usiofaa fungu moja, nikampelekea Mama Neema auweke juu kabisa stoo, asinipe mpaka auone mkeka kwa macho yake.

"Hata ukilia?" akauliza.

"Hata nikilia."

"Haya. Nitafurahi kukunyima."

Tangu hapo nasuka upana mmoja tu, ule wa vidole vinne. Baada ya alasiri, Baba Salma akishaenda bandarini kwenye zamu yake, namlaza mtoto, simu naiacha chumbani, nakaa uani. Naloweka majani machache, yale ninayoweza kuyamaliza kabla hajaamka. Zamani akiamka mapema nilikuwa nakunja kila kitu, nasema siku imeharibika, na wiki inaharibika nayo. Siku hizi namkalisha pembeni, avute jani lake, nisuke langu. Zipo siku nachoka mpaka mkono hautaki, na mawazo yanaondoka, yanakwenda kwenye unga, kodi ya nyumba, kikohozi cha mtoto. Najiambia lile neno lako, rudi. Narudi. Yanaondoka tena, narudi tena.

Ukili sasa umetosha, na jana nimeanza kushona. Utakapoupokea utaona pale nilipoanzia, pamekwenda upogo kidogo. Wewe ungefumua. Mimi sifumui, mamdogo, utanisamehe. Nikifumua hapo najijua, nitakuwa nafumua mpaka Salma aolewe kweli.

Na ule ukili wa jirani usiununue. Kama umeshaununua, mrudishie. Nakuheshimu, lakini hili nimekataa. Unadai mkeka wa mkono wangu, na mkono wangu ndio utakaoulipa.

Salma hajambo, ameota magego, anang'ata kila kitu pamoja na ukindu. Baba yake anakusalimu. Nakukumbuka sana, hasa saa hizi za alasiri.

Vilivyobaki vya kuumalizia nakuomba unitumie. Mpe mtu anayepanda boti kuja Nyamisati, mimi nitapokea Mbagala.

Shazia yako ile nyembamba, sindano ya mikeka. Sindano ninayotumia ni ya kushonea magunia, inachana majani.

Ukindu mweupe, mkavu, usiotiwa rangi, fungu moja la kushonea na kumalizia pindo.

Uzi wa kipimo. Lala pale unapolalaga, Zuhura akupime kutoka utosini mpaka kisiginoni, aongeze shibiri moja, akate, afunge fundo.

Na rangi ya pindo. Usinitumie nyekundu kwa mazoea. Zuhura azitoe rangi zako zote nje, kwenye mwanga, akuwekee moja moja mbele yako. Ile unayoiona vizuri kuliko zote, hiyo ndiyo anifungie.

Mwanao,
Mama Salma